Wewe Ulijifunzia Uwanja Gani?

Mpenzi msomaji, kabla hujakimbilia ukurasa wa mapishi, nipe dakika kumi tu. Mwezi huu nataka tuongee kuhusu viwanja vya tenisi. Ndiyo, tenisi! Najua wapo watakaosema mhariri kaanza kujisikia, kaingia mambo ya wenye nazo. Subirini kwanza. Mimi ndoa yangu nusura ivunjikie kwenye uwanja wa tenisi, na ni kwenye uwanja mwingine wa tenisi nilikokuja kuelewa tatizo lilikuwa wapi. Kwa hiyo vuta kiti.

Mimi ni mtoto wa zege

Tenisi nilijifunzia shuleni, hapa hapa Dar es Salaam. Tulikuwa na uwanja mmoja wa zege nyuma ya bwalo, wavu umeungwaungwa kwa kamba ya nailoni, na raketi tunapokezana. Rangi ya kijani ilikuwa imebaki pembeni tu. Katikati paling'aa kama sebule iliyopigwa deki.

Baadaye nikaja kujua kuwa ule mng'ao ulikuwa na maana yake. Uwanja mgumu wa kisasa chini huwa ni zege au lami, na juu hupakwa matabaka ya rangi ya akriliki iliyochanganywa na mchanga laini. Ule mchanga ndio breki. Ukiwa mwingi, mpira unashikwa kidogo unapodunda na kasi inapungua. Ukiisha, kama ulivyoisha kwetu, mpira unateleza na kukujia kama bodaboda anayewahi abiria.

Mchezo wa uwanja kama ule ni wa haraka. Unapiga kwa nguvu, anayewahi anachukua pointi, mnahesabu, mnaendelea. Na mpira ukishatua hauachi alama ya maana. Mwenzio akisema umetoka na wewe ukisema umeingia, mnabishana nusu dakika, mnarudia pointi, basi. Yaliyopita yamepita.

Ndivyo nilivyokua. Naomba ulikumbuke hilo, tutalirudia.

Mwenzangu ni mtoto wa udongo

Mume wangu amezaliwa na kukulia Nairobi. Baba yake alikuwa mtunza viwanja kwenye klabu moja yenye viwanja vya udongo mwekundu. Yeye utotoni aliokota mipira ya wanachama, na siku ambazo wanachama hawapo, mzee alimpa raketi iliyosahauliwa na mtu akajifunze.

Sasa huu "udongo" nao una siri. Ule wekundu tunaouona kwenye runinga mwishoni mwa kila Mei kutoka Roland Garros, kule Paris, kwa kweli ni unga wa matofali yaliyosagwa, na unene wake ni kama milimita 2 tu! Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, chini tena mabaki ya makaa ya mawe, halafu kokoto, halafu mawe. Ukikwangua kidogo unakutana na weupe. Huku Afrika nako watu walibuni vyao: kule Afrika Kusini viwanja vya zamani vilitengenezwa kwa udongo wa kichuguu, unavunjwa, unasagwa, unashindiliwa. Nusu ya kazi mchwa walishaimaliza.

Kwenye udongo kila kitu kinabadilika. Mpira ukitua unashikwa, unapoteza mwendo, halafu unapanda mpaka usawa wa bega. Lile pigo ambalo kwenye zege lingemaliza kazi, huku linarudishwa. Pointi moja inaweza kwenda mipigo ishirini. Hata kukimbia ni kwingine: husimami ghafla, unateleza kuufuata mpira. Na kubwa kuliko yote, kila mpira unaacha alama. Mkibishana, mnakwenda kuangalia. Wimbledon mwaka 2025 waliwaondoa waamuzi wa mistari na kuziachia mashine kazi hiyo, lakini Roland Garros mwaka huo huo mwamuzi alikuwa bado anashuka kwenye kiti chake kirefu, anatembea mpaka kwenye alama, anainama, anaonyesha kwa kidole.

Ndivyo alivyokua mwenzangu. Kila kilichotua kimeacha alama, na alama huangaliwa.

Tulikutana mwaka 2019 nilipokwenda Nairobi kwa mafunzo ya kikazi. Akanialika kucheza. Mimi na ujuzi wangu wa zege nikajua namnyoosha. Nilifungwa 6-1, 6-0! Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mipira yangu ya nguvu ikawa inapaa mpaka kwenye uzio. Ile michache iliyoingia aliirudisha bila hata kutoka jasho. Miezi mitatu baadaye akaja Dar. Joto, jasho, zege. Nikamfunga 6-2, 6-2. Akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni: "Hii ni uwanja ama ni barabara ya Thika?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nadhani siku ile ndiyo nilimpenda.

Desemba 2021 tukaoana.

Nusu kwa nusu

Kuna picha moja ambayo mume wangu aliitundika ukutani kwake tangu ujana. Ni ya tarehe 2 Mei 2007, mjini Palma kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania, nyumbani kwao Rafael Nadal. Wakati ule Nadal alikuwa hajafungwa kwenye udongo kwa mechi 72 mfululizo, na Roger Federer alikuwa hajafungwa kwenye nyasi kwa mechi 48. Basi waandaaji wakabuni kitu cha ajabu: uwanja mmoja, upande mmoja nyasi, upande wa pili udongo, wavu katikati. Ujenzi ulichukua siku 19 na kugharimu zaidi ya dola milioni 1.6.

Ukiitazama picha unaona haki tupu, si ndiyo? Kila mtu ana kwao. Lakini kwenye tenisi wachezaji hubadilishana pande kila baada ya gemu chache. Kwa hiyo kila wakibadilishana, wale mabwana walikuwa wanakaa chini na kubadilisha viatu, maana raba za nyasi na raba za udongo hazifanani. Nyasi zinautelezesha mpira ukiwa chini chini, udongo unaupandisha. Ukianza kuzoea upande huu, muda wa kuhama umefika. Nadal alishinda 7-5, 4-6, 7-6, na ile seti ya mwisho ilikwenda mpaka 12-10 kwenye pointi za kuamulia. Watu walifurahi sana. Lakini ligi ya viwanja nusu kwa nusu mpaka leo hakuna.

Mimi na mwenzangu tulijijengea Mallorca yetu. Yeye kazi Nairobi, mimi kazi Dar. Tukakubaliana: mwisho wa wiki mmoja yeye anakuja, mwingine mimi nakwenda. Marafiki wakatusifu, "Nyie ni wa kisasa, ndoa ya haki." Kimtindo tulijisikia bomba. Ukweli ni kwamba kila Ijumaa mmoja wetu alikuwa anafungasha begi, na kila Jumatatu mmoja wetu alikuwa anaingia kazini na macho mekundu. Nguo nusu huku, nusu kule. Hatukununua hata sufuria la maana, kwa sababu hatukujua nyumba yetu ni ipi. Kila tulipoanza kuzoeana, muda wa kubadilisha viatu umefika.

Jumamosi ile

Mei 2023, masika inaishia. Mwenzangu alifika Ijumaa usiku. Kabla ya kulala akaniuliza, "Hivi sisi tutaishi wapi?" Nikamjibu, "Tutaongea." Nikageukia ukutani.

Jumamosi jioni tukakodi uwanja, wa zege bila shaka. Katikati ya seti nikapiga mpira pembeni kabisa. Yeye akasema umetoka, mimi nikasema umeingia. Akatembea mpaka kwenye mstari, akainama, akaanza kutafuta alama. Kwenye zege! Mimi nikacheka kwa sauti, na vijana waliokuwa wanasubiri zamu nao wakacheka.

Pointi iliyofuata akaukimbilia mpira kwa hasira, akajaribu kuteleza kama alivyozoea. Zege halina huruma. Raba ikanasa, akaanguka, goti likachubuka. Nilipomkaribia hakutaka mkono wangu.

"Hapa kwenu mpira ukipita umepita," alisema. "Neno likipita limepita. Jana nimekuuliza kitu, umesema tutaongea. Mwezi jana pia ulisema tutaongea. Mimi nimechoka kubadilisha viatu."

Nami, mpenzi msomaji, kwa kiburi na aibu ya wale vijana, nikamjibu neno ambalo mpaka leo nalijutia. Nilisema: "Basi labda tuliharakisha kuoana."

Jumapili aliondoka na ndege ya asubuhi badala ya jioni. Wiki mbili tukawa tunatumiana ujumbe kama watu wa ofisi moja. "Umefika?" "Ndiyo." "Pole na kazi." "Asante."

Brashi ya mzee

Zamu yangu ilipofika nilikwenda, ingawa nilishika simu mara tatu nitume udhuru. Nilipofika mwenzangu alikuwa bado kazini. Baba mkwe ndiye aliyenipokea. Alishastaafu, lakini pale klabuni bado wanamwachia uwanja mmoja auangalie asubuhi na jioni. Nikampigia magoti kidogo, "Shikamoo baba." Huwa anacheka nikimwamkia hivyo, kwa kuwa Nairobi salamu hiyo si ya kila siku, lakini siku ile hakucheka. Aliitikia tu, "Marahaba. Twende uwanjani, mama."

Nilidhani nakwenda kusemwa. Akanikabidhi ile brashi pana ya kuburuta, yenye mti mrefu. Nikaanza kuburuta haraka haraka nimalize. Akanisimamisha. "Anzia nje. Zunguka. Ingia katikati pole pole." Alama za mipira na nyayo zikawa zinafutika nyuma yangu. Tukafagia mistari kwa ufagio, kisha akafungua mpira wa maji na kunyunyizia. Akaniambia udongo usiponyweshwa unageuka vumbi, upepo unauchukua. Ukizidishiwa maji nao unakuwa tope, huchezeki. Kila siku ni kuuangalia unataka nini.

Nikajikaza nikamwambia, "Baba, mimi na mwanao hatuelewani."

Akakaa kwenye benchi. "Mwanangu amezoea kwenda kuangalia alama," alisema. "Si ubishi. Yeye hajui kuendelea na mchezo kama hajaiona." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza: "Mchezo ukiisha sisi tunapiga brashi. Wanaokuja wakute pako sawa. Lakini huwezi kupiga brashi kabla watu hawajaangalia alama. Hapo umeficha."

Nilibaki nimeshika ule mti wa brashi. Miaka yote ile mimi nilidhani mwenzangu anapenda kufukua mambo. Naye, nilikuja kujua baadaye, alidhani mimi sijali. Kumbe kila mmoja alikuwa anacheza kama alivyofundishwa, kwenye uwanja ambao mwenzie hakukulia.

Usiku ule tuliangalia alama. Zote! Saa tatu tulizungumza, mpaka chai ikapoa mara mbili. Nilimwomba radhi kwa lile neno, na sikusema "yaishe", nilimwacha aniambie liliua nini ndani yake. Aliniambia. Haikuwa rahisi kusikia.

Kuhamia kwa mwenzio

Unajua ilikuwaje kwa Federer na Nadal baada ya ule uwanja wa nusu kwa nusu? Kila mmoja alikwenda kujifunza kwa mwenzie. Nadal alifungwa na Federer fainali mbili za Wimbledon, 2006 na 2007. Mwaka 2008 akarudi, akaubeba ubingwa kwa seti tano, ya mwisho 9-7, giza likiingia. Federer alifungwa na Nadal fainali tatu mfululizo za Roland Garros, 2006, 2007 na 2008. Mwaka 2009 akalitwaa kombe lile. Hawakushinda kwa kudai wajengewe upande wao. Walikubali kuonekana wageni, wakafungwa, wakarudi tena.

Na karibu zaidi na nyumbani tunaye Angella Okutoyi. Binti huyu wa Nairobi mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili pale Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana kwenye mashindano makubwa kama yale. Ni kwenye nyasi, mpenzi msomaji! Hebu niambie Afrika Mashariki yetu uwanja wa tenisi wa nyasi umeuona wapi mara ya mwisho?

Sisi tuliamua hivi: kazi ya mwenzangu ilikuwa inaweza kufanyika Dar, yangu haikuweza kufanyika Nairobi. Januari 2024 akahamia. Naomba usisome hapo kwamba mimi nilishinda. Yeye ameacha marafiki, ameacha baridi yake ya Julai, amemwacha baba yake. Mwaka wa kwanza alianguka sana, na sisemi uwanjani tu. Kazi yangu ilikuwa moja: nisicheke. Akiinama kutafuta alama kwenye zege, mimi nasimama naye, tunatafuta wote.

Na kila Agosti na Desemba tunakwenda kwao, mimi nacheza kwenye udongo wake. Bado nafungwa, ila siyo 6-0 tena.

Kama na wewe unataka kujaribu

Kwa wapenzi mnaotafuta kitu cha kufanya pamoja zaidi ya kukaa baa, tenisi ni nzuri kweli, na haidai utajiri. Klabu kama Gymkhana zina viwanja, na baadhi ya hoteli na shule hukodisha kwa saa. Ulizia bei na kama kuna kocha. Raketi moja ya kuazima inatosha kuanzia. Haya machache yatakusaidia:

Kwanza, angalia chini kabla ya kuangalia mpira. Kama uwanja ni mgumu na rangi imechakaa, tegemea kasi. Rudi nyuma hatua moja. Kama ni udongo, punguza papara, pointi itakuwa ndefu.

Pili, viatu. Raba za kukimbilia barabarani zitakutegua kifundo, kwa kuwa tenisi ni mbio za kwenda pembeni. Kwenye udongo tafuta soli yenye mistari ya zigizaga. Inashika bila kunasa, na udongo haugandi.

Tatu, magoti. Uwanja mgumu unarudisha kishindo chote mwilini. Ukiwa na goti bovu, omba udongo kama upo. Ukiukosa, cheza muda mfupi.

Nne, chezeni upande mmoja. Uwanja wa mtu mmoja mmoja una upana wa mita 8.23, wa wawili wawili ni mita 10.97. Zile mita za nyongeza ziliwekwa kwa ajili yenu. Tafuteni wapinzani, nyie muwe timu. Mtashangaa ugomvi unavyopungua.

Tano, mkimaliza kwenye udongo, pigeni brashi. Msimwachie mtunza uwanja peke yake. Na mkiwa nyumbani, mnajua utaratibu: alama kwanza, brashi baadaye.

Juzi baba mkwe alipiga simu. Mgongo unamsumbua, ile brashi sasa anaburuta kijana mwingine, yeye anakaa kwenye benchi na kuelekeza. Mwenzangu alipokata simu alikaa kimya muda mrefu. Zamani ningesema "tutaongea" na kuwasha runinga. Safari hii nilimkalia pembeni, nikamuuliza: "Unadhani zamu yangu ya kuhama imefika?"

Hatujaamua. Ila raba zangu za udongo zimetoka kabatini. Ziko pale mlangoni, karibu na zake.

Mpaka mwezi ujao, muulize uliye naye: wewe ulijifunzia uwanja gani? Halafu msikilize mpaka amalize.

Wenu, Mhariri